Jiwe la Ng'ambo

Shimo lilikuwa tupu.

Ndiyo, msomaji uliyelala vibaya wiki nzima kwa ajili yetu, hukukosea kusoma. Tulimwacha Diwani Thirza Ollerenshaw kwenye mteremko ulio juu ya Ng'ambo, fimbo ya mti wa mwerebi mkononi, mvua ikimwingia shingoni, na msafara mzima wa Baraza la Mji wa Wennby umeduwaa nyuma yake. Walikuwa wamekuja kulichapa jiwe la mpaka na kupaza sauti "Letu!", kama Wennby inavyofanya kila mwaka wiki ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana.

Fimbo zilikuwepo. Sauti zilikuwepo. Jiwe ndilo halikuwepo.

"Labda mbweha," akasema Meya Cuthbert Fairclough, akiupangusa mkufu wake wa dhahabu kwa leso.

"Mbweha?" Mzee Enoch Tattersall, diwani mkongwe kuliko madiwani wote, aliegemea fimbo yake. "Mheshimiwa, jiwe lile babu yangu alijaribu kulisogeza kwa farasi, farasi akakaa chini. Huyo mbweha wako anakula nini?"

Watu wakacheka. Kisha wakalitazama shimo tena, na kicheko kikaisha chenyewe.

Thirza alichuchumaa. Kingo za shimo zilikuwa bado kali, na maji ya mvua yalikuwa hayajafika hata kifundo cha mguu. Jiwe lilikuwa limeng'olewa asubuhi hiyo hiyo. Kutoka shimoni, nyasi zilikuwa zimelala mkanda mmoja mpana, kama mtu ameburuta kitanda, zikiteremka moja kwa moja kuelekea nyumba za Ng'ambo.

"Ngojeni nifuate hizi alama," akasema.

"Hakuna kungoja," akasema Meya. "Kikao ni alasiri hii. Au unataka Tume ifunge ofisi ukiwa bado unafukuza mbweha?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Thirza.

Kwa msomaji anayepanda safari hii njiani, atie mguu upesi. Tume ya mipaka ya majimbo, huko London, imependekeza kulikata jimbo la Wennby katikati, kisu kikifuata mto Wenn. Mjini wabaki na mbunge wao. Ng'ambo, upande wa pili wa mto, wahamishiwe jimbo la Marlock, nyuma ya milima, ambako hakuna anayeujua mto huu hata kwa jina. Baraza lina haki ya kupinga. Haki hiyo inakufa leo jioni.

Sasa mtu atasema, mbunge ni mbunge, kelele za nini? Kelele ni za ukuta. Serikali itajenga ukuta wa kuzuia mafuriko, na utajengwa pale mbunge atakapopiga meza kwa nguvu zaidi. Leo kingo zote mbili ni za mbunge mmoja, naye hawezi kuokoa kura za huku kwa kuzamisha kura za kule. Mto ukigeuka mpaka, atainua ukuta wa mjini peke yake, na maji yakikataliwa mjini yatatafuta pa kwenda.

Yatakwenda Ng'ambo. Yatakwenda jikoni kwa Thirza, ambako mama yake, Bi. Hepzibah, huketi kutwa karibu na jiko na nyonga mbovu isiyoweza kupanda ngazi.

"Mama hajambo, Diwani?" akauliza Meya kwa upole, walipokuwa wakiteleza kushuka mteremko. "Na ule mlango wenu kama wa banda la kuku, bado unafunguka kwa nje?"

Nyumba za Ng'ambo zimejengwa zikigeuziana migongo, kila moja na mlango mmoja tu wa mbele. Marehemu baba yake Thirza aliugeuza wa kwao baada ya mafuriko ya mwisho, ili maji yakija yaukandamize badala ya kuusukuma ndani. Mtaa mzima ulimcheka. Mvua kubwa iliyofuata, jiko lake peke yake ndilo lililobaki kavu, na mtaa ukaacha kucheka.

"Mama hajambo, na mlango haujambo," akajibu Thirza. "Na madirisha ya chini tumeshayapigilia mbao. Wewe maghorofa yako mapya ya kando ya mto hayajambo? Nasikia wapangaji wanauliza ukuta utakuja lini."

Meya akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua keki imefichwa wapi.

*

Ukumbi wa baraza la Wennby unanuka makoti mabichi na chai iliyochemka mno. Biskuti za tangawizi zilikuwa mezani, zimelegea kwa unyevu. Nje, mto ulikuwa umeanza kutoa ule mngurumo wa chini ambao watu wa mji huu husikia kwanza kwa nyayo, kisha kwa masikio.

Karani wa baraza, Bi. Philippa Dunnock, mwanamke ambaye hajawahi kutabasamu ndani ya saa za kazi, aligonga kengele.

Thirza alikwishahesabu vichwa. Madiwani wa Ng'ambo walikuwa watatu: yeye, Mzee Enoch, na Lettice Moorhouse mwenye duka la nyuzi za kufumia. Wa mjini walikuwa wamegawanyika. Kura zote tatu za Ng'ambo zikiwemo, pingamizi linapita. Moja ikitoka, limekufa.

"Kabla hatujaanza," akasema Meya, sauti yake ikilainika kama siagi karibu na jiko, "nina swali la kawaida tu. Kuna diwani yeyote ambaye nyumba yake inaguswa na jambo hili?"

Mungu wangu, msomaji. Hebu simama hapa kidogo uuone mtego ulivyofunguka meno.

Kanuni ya Wennby ni kwamba jambo likigusa nyumba yako, unatamka, unatoka nje, na wenzako wanapiga kura bila wewe. Na huko nje husikilizi mlangoni. Watu wa mji huu wanaweza kukunyang'anya kiti kwenye basi, lakini hawatabaki kwenye kikao kinachogusa nyumba zao.

Kiti kikakwaruza sakafu. Mzee Enoch alikuwa amesimama, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kupewa nishani.

"Yangu iko Ng'ambo, Mheshimiwa. Naitamka, na natoka."

"Mzee!" Thirza alimshika mkia wa koti. "Kaa chini! Huoni anachofanya?"

"Binti yangu, kanuni ni kanuni. Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Wanatumaliza kwa hiyo kanuni!"

"Basi tutamalizika kwa heshima." Akachukua kikombe chake cha chai, akafikiri kidogo, akachukua na biskuti mbili, akatoka. Lettice Moorhouse alimfuata, macho chini, mfuko wa nyuzi kwapani.

Mlango ukafungwa. Ukumbi ukawa mkubwa ghafla.

"Na wewe, Diwani Ollerenshaw?" akauliza Meya. "Nyumba yako iko wapi vile?"

Diwani mmoja wa mjini akakohoa. Mwingine akaanza kuitazama dari, ambayo kwa kweli ilikuwa inavuja.

Thirza alisimama. Aliwaza kukaa kwa nguvu, na papo hapo akaona kesho yake: kura imefutwa, Meya anasikitika mbele ya kila mtu. Akatembea polepole hadi mlangoni. Akashika kitasa. Meya akapumua.

"Karani," akasema Thirza bila kugeuka, "mto una kingo ngapi?"

"Mbili, kwa kawaida," akajibu Bi. Dunnock.

"Na mstari ukipitishwa mtoni, unagusa nyumba za ukingo upi?"

Madiwani wa mjini wakaanza kutazamana.

Thirza akageuka. "Diwani Entwistle, wewe unakaa nyuma ya kiwanda cha zamani. Ukuta ukiinuliwa pale, nyumba yako haipandi bei?"

Entwistle akawa mwekundu hadi masikioni. "Sasa... kupanda itapanda. Kidogo."

"Imekugusa. Na wewe pale, bustani yako si inaishia majini? Imekugusa. Na Mheshimiwa Meya, maghorofa yale yanayochungulia mto kama fisi anayechungulia zizi, ni ya nani? Ya mbweha?"

Bi. Dunnock alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa maelezo hayo," akasema kwa huzuni kubwa ya kikazi, "wajumbe wote wanatakiwa kutoka."

"Wote?" akafoka Meya.

"Wewe ukiwa wa kwanza, Mheshimiwa. Ndivyo itifaki inavyotaka."

Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu mji huu uwe na meya, baraza zima la Wennby lilijipanga mstari mmoja likatoka nje ya ukumbi wake lenyewe, mkufu wa dhahabu ukiongoza. Kwenye ujia walimkuta Mzee Enoch akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti, ili asije akasikia kikao kwa bahati mbaya. Aliposhtuka chai ilimmwagikia.

"Kuna moto?"

"Kuna maslahi," akasema Thirza. "Yamekamata jengo zima."

Walisimama hapo wakitazamana viatu. Ndani, Bi. Dunnock alibaki peke yake na birika. Kisha akatokea mlangoni na kukohoa.

"Kanuni inaendelea kusema kwamba jambo likiwagusa wajumbe wote, linahesabiwa halimgusi yeyote. Mnaweza kurudi. Mzee Tattersall, rudisha na kikombe."

*

Meya aliporudi kitini hakuwa na siagi tena sautini.

"Vizuri. Tupige kura basi. Lakini tupige juu ya ukweli." Akaigonga rasimu ya pingamizi kwa kidole. "Hapa tunaiambia Tume kwamba mji wetu hauishii mtoni, unafika hadi Jiwe la Ng'ambo, na kwamba kila mwaka tunalichapa. Leo tumelichapa? Jiwe liko wapi? Nani hapa yuko tayari kuiandikia Tume uongo?"

Lilikuwa pigo la hodari. Wajumbe wakaanza kunong'onezana. Entwistle akatikisa kichwa. Hata Lettice Moorhouse akasema polepole, "Kweli jamani, hatujalichapa."

"Tufute sehemu hiyo," akasema Meya, "na ikifutwa, sioni kinachobaki. Tuwaambie hatuna pingamizi, twende nyumbani kabla barabara hazijajaa maji."

Thirza aliketi akitazama mikono yake. Chini ya sakafu mto ulinguruma. Alimfikiria mama yake na kile kiti karibu na jiko, na ule mstari wa hudhurungi ambao mafuriko ya mwisho yaliuacha kwenye ukuta, juu kidogo ya urefu wa mtu aliyeketi.

Kisha akainama mbele ya baraza zima, akatenganisha nywele zake kwa vidole.

"Jiwe liko hapa," akasema.

Kovu lilionekana hadi kiti cha mwisho. Lilikuwa jeupe, limepinda.

Diwani mpya wa Wennby hachaguliwi kwa kura tu. Katika matembezi yake ya kwanza ya kuchapa mawe, huinuliwa miguu juu na kichwa chake hugongeshwa kwenye jiwe la mpaka mara tatu, taratibu, asije akasahau mji unakoishia. Thirza aligongwa kwenye Jiwe la Ng'ambo, na haikuwa taratibu. Mguu wake wa kushoto ulishikwa na Mzee Enoch, ambaye alikuwa ametoka kula pai ya nyama na hakunawa.

"Niliteleza," akanong'ona Mzee Enoch. "Niliomba msamaha."

"Karani," akasema Thirza, kichwa bado chini, "kwa nini tunagongwa?"

Bi. Dunnock alisimama. Hakuna aliyekumbuka kumwona akisimama bila kusoma kitu. "Kwa sababu mawe huibwa," akasema. "Jiwe likiondoka, aliyegongwa juu yake ndiye jiwe. Neno lake linatosha. Ilikuwa hivyo kabla baraza hili halijapata paa."

"Basi mimi ndiye jiwe la Ng'ambo," akasema Thirza, akiinuka. "Na nasema mji unafika pale niliposimama asubuhi kwenye matope. Anayetaka kunichapa, fimbo ninayo."

Mmoja baada ya mwingine, bila kujijua, madiwani walianza kupapasa vichwa vyao wenyewe. Entwistle alipapasa kisogo chake muda mrefu. Kisha akainua mkono wake.

Mikono mingine ikafuata. Pingamizi likapita. Bi. Dunnock alilituma London pale pale, na kompyuta yake ikalia mlio mdogo kama wa kifaranga. Mzee Enoch alilia machozi kabisa na kumkumbatia Lettice Moorhouse, na sindano za kufumia za Lettice zikamchoma mmoja wao.

Meya wala hakukasirika. Hilo ndilo lililomtia Thirza baridi.

Alivua mkufu, akauweka mezani kwa uangalifu kama mtu anayemlaza mtoto, akachukua mwavuli wake.

"Hongera, Diwani. Kwenye karatasi mmeshinda. Tume inasoma karatasi." Akafungua mlango. "Mto hausomi."

Akatoka. Simu ya Thirza ikatetemeka mfukoni.

*

"Thirza, mwanangu, asante kwa wale vijana."

"Vijana gani, mama?"

"Si wale uliowatuma. Wana adabu, ila hawakufuta viatu. Wameleta lile jiwe."

Thirza alisogea dirishani. "Jiwe gani?"

"La juu kule. Wameliburuta mpaka hapa, wakaliegemeza mlangoni kwa nje. Wanasema Diwani ameagiza, liushikilie mlango maji yakija. Nikawaambia mlango wetu haushikiliwi, marehemu aliutengeneza vizuri, lakini vijana wa siku hizi hawasikii."

"Mama. Nisikilize. Sukuma mlango."

"Kwani unaingia sasa hivi?"

"Sukuma tu, mama."

Bakora ya mama ikagonga sakafu. Kiti kikalia. Pumzi za kizee, karibu sana na simu. Halafu kishindo kidogo, na kingine.

"Hausogei," akasema Bi. Hepzibah. Akausukuma tena. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua. "Na Thirza... zulia limelowa. Maji hayapiti mlangoni. Yanatoka chini, kwenye mawe ya sakafu."

Honi ya mafuriko ikaanza kulia juu ya mji.

"Mzee Enoch, zimamoto! Nyumbani kwetu, waje na nyundo!" Thirza alikwishafika ngazi. "Usikate simu, mama. Usikate hata kidogo."

Alikimbia, simu ikiwa bado hewani mfukoni mwa koti, fimbo ya mwerebi bado mkononi kwa sababu alisahau kuiweka chini. Barabara iendayo mtoni ilikuwa kijito. Mwisho wake lilikuwepo daraja, daraja pekee la kwenda Ng'ambo, na mbele ya daraja kizuizi cha chuma, kimeshushwa na kufungwa kwa kufuli.

Kando ya kizuizi alisimama Meya chini ya mwavuli, funguo mkononi.

"Limefungwa, Diwani. Usalama kwanza."

"Fungua. Mama yangu yuko ndani."

"Mama yako ana mlango mzuri. Kila mtu anausifu."

"Fungua, Cuthbert!"

"Ningependa. Lakini fikiria mambo yatakavyoonekana kesho." Aliinamisha mwavuli kidogo, kama anayetaka kumkinga na mvua. "Diwani anapigania mpaka, jiwe la mpaka linapotea, kisha polisi wanalikuta limeegemezwa mlangoni kwa Diwani mwenyewe. Nani ataamini pingamizi la mwizi? Tume italitupa."

Thirza alitulia. Maji yalimpanda juu ya viatu.

"Sijakwambia kama liko mlangoni," akasema.

Meya alitazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na mtu, ila mvua na honi.

"Hukuniambia," akakubali kwa utulivu. "Na kuna nani mwingine aliyenisikia nikisema?"

Kutoka mfukoni mwa koti, ndogo, kavu, ikajibu sauti ya bibi kizee.

"Mimi nimekusikia, Cuthbert Fairclough. Na mama yako, Mungu amrehemu, angekuchapa."

Uso wa Meya ulibadilika. Thirza aliona hofu ikipita usoni pake, kisha aliona kitu kibaya kuliko hofu: hesabu. Meya aligeuza macho taratibu, akavuka nayo maji, akayaweka kwenye mstari wa nyumba za Ng'ambo, kwenye mlango mmoja unaofunguka kwa nje. Kisha akanyoosha mkono juu ya ukingo wa daraja na kuachia funguo. Mto ukazimeza bila mlio.

Thirza akakisogelea kizuizi. Aliinua fimbo ya mwerebi akakichapa kile kizuizi pigo moja, jinsi mawe yanavyochapwa.

"Letu!"

Akainama, akapita chini yake, akakimbia.

"Thirza," ilisema sauti mfukoni, "unakimbia na viatu gani? Usije ukateleza."

Alikuwa amefika katikati, maji ya kahawia yakipita kwa kasi chini ya miguu yake, aliposikia jiwe likisagana na jiwe mahali fulani chini kabisa. Alishika ukingo. Ukingo haukuwa pale ulipokuwa.

Daraja lilikuwa linasogea.